Namna ya kuchagua makumbusho ya sanaa na historia katika mji usioujua: mwongozo kamili

Mji mkubwa wa kale huwa na makumbusho mengi kuliko siku ulizonazo. British Museum ya London peke yake inahifadhi vitu kama milioni 8, na vinavyoonyeshwa kwa wakati mmoja ni kama 80,000, yaani asilimia moja hivi. Hiyo ni nyumba moja tu, katika mji wenye nyumba nyingi za namna hiyo. Kwa hiyo anayepanga ziara ana kazi moja kubwa, nayo ni kuamua ataacha nini. Wengi huikwepa. Huchukua majina kumi makubwa, wakayagawa kwa siku, wakaanza kukimbia. Jioni miguu inawaka moto, na ukiwauliza wameona nini wanakutajia majina ya majengo.

Nami nilizunguka hivyo kwa miaka kadhaa. Kilichonibadilisha ni chumba kimoja cha Louvre, Paris. Humo ndimo ilimotundikwa Mona Lisa, picha ndogo ya sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo, mbele yake umati umeinua simu. Ukuta unaoikabili una picha kubwa kuliko zote za Louvre, karamu ya harusi ya Kana aliyoichora Veronese mwaka 1563, karibu mita 7 kwenda juu na karibu mita 10 kwa upana. Wanamuziki wako katikati, mtumishi anamimina divai kutoka kwenye mtungi mkubwa, na kando ya mtungi paka amelala chali anaukwaruza. Chumba kizima kilikuwa kimeipa mgongo. Nilisimama pale peke yangu kwa muda mrefu, nikajiuliza ni mara ngapi nimepita mbele ya kitu ambacho kingenishika, kwa sababu tu hakikuwa kwenye orodha ya mtu mwingine.

Yafuatayo ndiyo ninayoyafanya siku hizi, kwa mpangilio ninaoufuata.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kutafuta majina

Kaa chini, uandike swali moja unalotaka mji huo ukujibu. Liwe swali lako mwenyewe, hata kama msomi ataliona dogo. Seremala anaweza kutaka kujua mbao ziliunganishwaje kabla ya misumari ya kiwandani. Mshonaji atataka kuona nguo za zamani zilivyokatwa na mshono wake ulivyopita. Mwalimu wa historia atauliza mtu wa kawaida alikula nini na kulala wapi wakati wafalme wakijengewa makasri. Mwingine anafuatilia jambo moja tu, watawala walitaka waonekane vipi.

Kipimo cha swali zuri ni kwamba linafukuza. Ukisema “nataka kuona sanaa”, hakuna nyumba inayotoka kwenye orodha. Ukisema “nataka kuona wachoraji walivyoichora vita”, nusu ya majina yanaondoka hapo hapo, na yaliyobaki yanaanza kujipanga.

Kama swali halikujii, kuna njia. Tovuti ya Google Arts & Culture ilianza mwaka 2011 ikiwa na makumbusho 17, na sasa yako mengi sana humo. Andika jina la mji, pitisha picha kwa nusu saa bila kusoma maelezo, na kila inayokusimamisha uiweke pembeni. Ukimaliza, ziangalie kwa pamoja. Utakuta sita kati ya kumi ni nyuso za wazee, au ni vyombo vya udongo, au ni bahari. Swali lako limo humo.

Mkisafiri wengi, msitafute swali moja la kuwaridhisha wote. Kila mmoja achague nyumba moja, na wengine wamfuate huko bila manung'uniko.

Hatua ya 2: Jua kila nyumba imejengwa kujibu nini

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima, hivyo nitakaa kidogo.

Kuna makumbusho ya kila kitu, kama Louvre, British Museum, Metropolitan ya New York na Hermitage ya St. Petersburg yenye vitu zaidi ya milioni 3. Hizi ni nyumba za kuingia ukiwa na swali mkononi, la sivyo zitakumeza. Usiseme unakwenda Louvre. Sema unakwenda kwenye vyumba vya Mesopotamia vya Louvre, kisha unatoka.

Kuna miji iliyogawanya sanaa yake kwa miaka. Paris ndiyo mfano ulio wazi zaidi: Louvre inaishia karibu mwaka 1848, Musée d'Orsay inachukua 1848 hadi 1914, na sanaa ya baada ya hapo ilipewa Centre Pompidou. Ukishajua kitu unachokipenda ni cha miaka gani, nyumba imekwisha kujichagua. Anayemtafuta mchoraji Monet aende Orsay, kisha avuke mto hadi Orangerie, ambako picha zake kubwa za mayungiyungi zimezunguka kuta za vyumba viwili vyenye umbo la yai.

Kuna nyumba ya mkusanyaji mmoja. Hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote, na ndizo wageni huziruka. Jengo lenyewe lilikuwa makazi, vyumba ni vya kadiri ya binadamu, na mpangilio unakuonyesha akili ya mtu mmoja. Isabella Stewart Gardner aliacha wasia kwamba mpangilio wa nyumba yake ya Boston usibadilishwe. Usiku wa tarehe 18 Machi 1990 wezi walichukua vitu 13, pamoja na picha ya Vermeer na mandhari pekee ya bahari inayojulikana ya Rembrandt. Fremu tupu bado zinaning'inia mahali pake, na nyuma yake unaona kitambaa cha ukuta. Hakuna kibao cha maelezo kinachoeleza hasara kama fremu ile. Nyumba nyingine ndogo ya kuweka akilini ni Mauritshuis ya The Hague, yenye picha ya Vermeer ya msichana mwenye hereni ya lulu. Unaweza kuimaliza asubuhi moja bila haraka.

Kuna makumbusho ya historia ya mji wenyewe. Ushauri wangu ni kuyaweka siku ya kwanza, hata kama swali lako ni la sanaa tupu. Ukishaona ramani za mji ulivyokua, moto ulipita wapi, ukuta wa zamani ulibomolewa lini, basi kila mtaa unaopita baadaye unaanza kusema nawe. Carnavalet ya Paris inafanya kazi hiyo vizuri, na mkusanyo wake wa kudumu hauna kiingilio. Nyumba za aina hii mara nyingi hazina foleni.

Na kuna nyumba za kumbukumbu, zilizojengwa palepale jambo lilipotokea au na watu lililowapata. Usizibandike mwisho wa siku baada ya nyumba nyingine mbili. Zinahitaji kichwa kilichotulia, na baada yake muda wa kutembea tu.

Hatua ya 3: Kwa makumbusho ya historia, uliza nani anasimulia

Picha inaweza kusimama peke yake. Kitu cha historia kinategemea maelezo, na maelezo yana mwenyewe. Kabla ya kuchagua, soma ukurasa wa “kuhusu sisi” kwenye tovuti ya nyumba husika: ilianzishwa lini, na nani, vitu vyake vilifikaje pale. Makumbusho yasiyosema vitu vilitoka wapi bado yanaweza kuwa mazuri kwa macho, lakini yapange pamoja na nyumba nyingine inayosema.

Chukua shaba za Benin, yaani sanamu na mabamba ya ufalme wa kale wa Benin. Zilichukuliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897 kutoka kasri la Oba, mfalme wa huko, kusini mwa Nigeria ya leo, zikatawanyika katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2022 Ujerumani ilitia saini makubaliano na Nigeria ya kurudisha umiliki wa shaba zilizokuwa katika makumbusho yake. Mwaka mmoja kabla, Ufaransa ilikuwa imerudisha vitu 26 vya ufalme mwingine, Dahomey, kwa nchi ya leo ya Benin, ambayo si ule ufalme wa Benin. Kwa hiyo unapokuta kichwa cha shaba ndani ya kabati la kioo, mwaka 1897 ni sehemu ya kitu chenyewe. Angalia kama kibao kinautaja, na kinautaja kwa maneno gani. Kinaandika “kilipatikana” au “kiliporwa”? Neno hilo moja litakuambia mengi kuhusu nyumba uliyomo.

Upande mwingine kuna District Six Museum ya Cape Town. Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi iliutangaza mtaa wa District Six kuwa wa wazungu, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, nyumba zao zikabomolewa. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1994 ndani ya lililokuwa kanisa la Kimethodisti. Sakafuni kuna ramani kubwa ya mtaa, na waliohamishwa wameandika majina yao kwa mkono mahali nyumba zao ziliposimama. Vibao vya majina ya barabara za zamani vimening'inizwa. Hakuna dhahabu humo wala kitu cha miaka elfu tatu, lakini unasimama juu ya jina la mtu, kwa mwandiko wake. Ikiwa mji wako una nyumba ya namna hii, iweke kwenye orodha kabla ya nyumba yoyote yenye jina kubwa.

Hatua ya 4: Hakikisha kitu unachokifuata kipo

Niliwahi kuvuka mji mzima kwa basi mbili, kwenye mvua, kwenda kuona mkusanyo niliousoma kwa wiki mbili. Mlango ulikuwa umefungwa. Ilikuwa siku yao ya mapumziko ya kila wiki. Tangu hapo hatua hii sijairuka.

Anza na siku ya kufungwa. Makumbusho mengi ya Ulaya hufungwa Jumatatu, kama Uffizi ya Florence, Orsay na Hermitage. Louvre, Orangerie na Reina Sofía ya Madrid hufungwa Jumanne. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Andika siku hizi kwanza kwenye karatasi, ratiba ijengwe juu yake.

Kisha angalia matengenezo. Rijksmuseum ya Amsterdam ilikuwa kwenye ukarabati kwa miaka kumi, 2003 hadi 2013. Pergamon ya Berlin ilifungwa kabisa Oktoba 2023, na Centre Pompidou ilifunga mwaka 2025 kwa kazi ya miaka mitano. Kitabu cha mwongozo cha zamani hakitakuambia haya. Tovuti rasmi itakuambia.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wachache hulijua: kazi za karatasi hazivumilii mwanga. Michoro ya kalamu, rangi za maji na picha za kale za kamera huonyeshwa kwa miezi michache tu, kisha hurudishwa gizani kupumzika. Mchoro mashuhuri wa sungura, alioufanya Dürer mwaka 1502, ni wa makumbusho ya Albertina ya Vienna, lakini ukienda siku yoyote tu, utakachokiona kwa kawaida ni nakala. Mchoro wa Leonardo wa mwanamume ndani ya duara na mraba ni wa Gallerie dell'Accademia ya Venice, nao hutolewa kwa nadra sana. Kama unachokifuata kiko kwenye karatasi au kitambaa, andika barua pepe kuuliza. Makumbusho mengi hujibu.

Picha ya mafuta nayo inaweza kuwa imeazimwa na nyumba nyingine kwa maonyesho ya muda. Mara nyingi ukurasa wa kazi yenyewe kwenye tovuti huandika kama ipo ukutani na iko chumba namba ngapi. Nakili namba hiyo.

Hatua ya 5: Punguza, halafu punguza tena

Mwaka 1916 Mmarekani aitwaye Benjamin Ives Gilman alichapisha makala kuhusu uchovu wa makumbusho. Alimpiga picha mwanamume mmoja akijaribu kuangalia vitu kwenye makabati: anainama, anachuchumaa, anapinda shingo asome kibao kilichowekwa chini mno. Zaidi ya karne imepita na mgongo wa mgeni bado unauma palepale. Kusimama ukitembea polepole kunachosha kuliko mwendo wa kawaida, na macho huchoka kabla hujajua.

Kipimo changu ni nyumba moja kubwa kwa siku, saa mbili hadi mbili na nusu, asubuhi. Mchana ukibaki na nguvu, nyumba moja ndogo. Siku tatu ni nyumba sita zikizidi sana, na nne zinatosha. Ukiona umepanga nyumba tatu kwa siku, rudi kwenye swali lako ulifute jina ambalo halilijibu. Litauma kidogo, hasa likiwa jina kubwa. Lifute tu.

Mfano mmoja mpaka mwisho: siku mbili Madrid

Swali ni lile la juu: wachoraji waliichoraje vita? Madrid ina nyumba tatu kubwa za sanaa zilizokaribiana kwa miguu: Prado iliyofunguliwa 1819, Reina Sofía, na Thyssen-Bornemisza. Thyssen ni nyumba nzuri, inapita karne nyingi za uchoraji kwa mpangilio, lakini kwa swali hili inatoka.

Siku ya kwanza ni Prado, kwa mchoraji Goya. Usianze mlangoni kwa kutazama kila ukuta. Nenda moja kwa moja kwenye picha yake ya mwaka 1814 ya wakazi wa Madrid wakipigwa risasi na askari wa Napoleon alfajiri ya tarehe 3 Mei 1808. Taa ya mraba iko chini, kati ya wauaji na wauawa. Askari wamepanga mstari, nyuso zao hazionekani, migongo yao ni kama ukuta. Mbele yao mtu wa shati jeupe amepiga magoti, mikono juu, na kiganja cha kulia kina alama kama ya msumari. Angalia mwanga unatoka wapi na unamwangukia nani. Kisha nenda kwenye zile picha nyeusi 14 alizozichora kwenye kuta za nyumba yake uzeeni. Hapo umemaliza. Las Meninas ya Velázquez ipo humo humo. Ukiwa na nguvu ipitie, ni ya mwaka 1656 na haikimbii.

Siku ya pili ni Reina Sofía, mradi isiwe Jumanne. Unafuata Guernica ya Picasso, ya mwaka 1937, aliyoichora baada ya mji huo wa Wabaski kupigwa mabomu tarehe 26 Aprili mwaka huo. Ina upana wa karibu mita 7.8, na haina rangi ila nyeusi, nyeupe na kijivu. Sasa tafuta asichokichora. Hakuna ndege za kivita, hakuna askari aliyelenga, hakuna mstari wa bunduki. Aliyetenda hayumo. Kuna mama amebeba mtoto aliyekufa, farasi anayelia, upanga uliovunjika na ua dogo kando yake. Taa iliyokuwa sakafuni kwa Goya sasa iko juu, balbu ya umeme ndani ya umbo kama jicho. Ukiwa umekaa na Goya jana yake, utaona yote haya bila kuelezwa na mtu, na hilo ndilo ulilolifuata.

Hatua ya 6: Tiketi, haraka haraka

Nunua kwenye tovuti rasmi ya nyumba husika, si kwa wauzaji wa pembeni wanaofanana nayo. Nyumba zenye nafasi chache huuza kwa saa maalumu. Galleria Borghese ya Roma huingiza wageni kwa vipindi vya saa mbili na lazima uweke nafasi. Nyumba ya Anne Frank huko Amsterdam huuza tiketi mtandaoni tu, na kila Jumanne hufungua tiketi za wiki ya sita mbele. Kwa nyumba kama hizi tiketi ndiyo inayopanga ratiba, kwa hiyo zinunue kwanza.

Nafasi za bure zipo nyingi. British Museum na National Gallery za London hazina kiingilio kwa mikusanyo yao ya kudumu. Prado huwa bure saa mbili za mwisho kabla ya kufungwa. Makumbusho ya serikali ya Italia huwa bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, na tarehe 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani tangu 1977, nyumba nyingi hufungua milango. Kumbuka tu kwamba siku ya bure ni siku ya msongamano. Mimi huitumia kwa nyumba ndogo, na kwa kubwa hutafuta jioni za kuchelewa kufunga, kama Louvre siku za Jumatano na Ijumaa hadi saa tatu usiku.

Mwenye kiti cha magurudumu au mtoto mchanga aulize kuhusu lifti na mlango wa kuingilia mapema, kwa sababu majengo ya kale mara nyingi yana mlango wa pembeni usio na ngazi. Begi kubwa liache ulikofikia.

Hatua ya 7: Ukishaingia

Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanywa Metropolitan ya New York. Wageni walitumia wastani wa sekunde 27 kwa kila kazi, na nusu ya mitazamo ilikuwa ya sekunde 17 au chini, pamoja na kusoma kibao. Basi jiwekee kazi tano tu, na kila moja dakika kumi. Kaa kama kuna benchi. Angalia kwanza, kibao baadaye. Ukianza na kibao utaona kilichoandikwa tu.

Ukiona baada ya dakika ishirini nyumba haikushiki, toka. Umeshalipa, ndiyo, lakini saa mbili zilizobaki bado ni zako, na nyumba ndogo uliyoifuta jana huenda iko barabara mbili kutoka hapo.

Jioni andika mistari mitatu: nilichokiona, kilichonishangaza, ninachotaka kukiona tena. Nusu siku ya mwisho ya safari iache wazi, usipange chochote, kwa ajili ya mstari ule wa tatu. Kwangu mara nyingi huwa ni picha moja. Narudi, nasimama mbele yake, na kila mara nakuta kitu ambacho siku ya kwanza sikukiona: mkono wa mtu aliyejificha nyuma, rangi ya udongo chini ya taa, paka kando ya mtungi.